Disketi Tatu za Kyule

Mwaka wa mvua za El Nino, mto uliingia Gikomba bila kupiga hodi. Kulipokucha, wauza mitumba walikuta marobota yao yameloa hadi kiini, na maseremala walikuwa wakikimbizana na vitanda vinavyoelea. Kibanda cha Kyule cha kutengenezea redio kilikuwa bondeni kabisa. Kompyuta yake, ile aliyoiunga mwenyewe kwa vipande vya mashine zilizokufa, aliikuta imejaa tope kama chungu cha maua. Kilichopona ni mkoba aliokuwa nao begani, na ndani ya mkoba, disketi tatu.

Hakuzipeleka kwake Shauri Moyo, maana paa la chumba chake nalo lilikuwa linavuja kama chujio. Alikwenda moja kwa moja Makadara, kwa Ndunge.

Ndunge hakumzaa Kyule, ila alimlea. Dada yake aliaga dunia mtoto akiwa bado hajaota meno, na tangu siku hiyo mtoto akawa wake. Ndiyo maana Kyule, pamoja na ndevu zake zote, alimwita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba chao, na majirani wakamwita yeye Mama Kyule.

"Mwaitu, niwekee hizi," akamwambia pale mlangoni, maji yakimchuruzika. "Kazi yangu yote iko hapa ndani. Ile iliyokuwa kwenye kompyuta imechukuliwa na mto."

Ndunge alizipokea kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyopokea kitoto kichanga.

Kazi yenyewe aliijua vizuri kwa sababu ilianzia kwake. Ndunge alisoma mpaka darasa la nne, basi. Lakini alikuwa na masikio. Kwenye zahanati ya karibu, akina mama waliotoka Ukambani kuja kujifungulia kwa jamaa zao mjini walikuwa wakikaa kwenye benchi wasielewe wanaambiwa nini, na yeye, ambaye alikuwa amekwenda kupima presha tu, akaanza kuwaeleza. Siku moja mama mmoja alipewa dawa ya kumeza kidogo kidogo akaimaliza yote palepale, na Mungu ni mwema, alipona. Kuanzia hapo muuguzi mkuu akamsihi Ndunge aandike maelezo hayo kwa Kikamba. Akaandika. Shamis, mfanyabiashara wa vitambaa kule Eastleigh, akaja kuandika kwa Kisomali. Mativo, karani wa chama cha wachonga vinyago na msomaji wa kanisani, akaja kusahihisha Kikamba. Wakawa kikundi cha watafsiri, na kamati ya kanisa ikawapa ukumbi wa kukutania.

Kuandika kwa mkono kulichosha. Ofisi moja ya mjini iliponunua kompyuta mpya, zile kuukuu ilizitoa sadaka kwa kikundi. Zikaja zimepakiwa mkokoteni, zimefunikwa gunia. Tatizo ni kwamba zilikuwa wazee. Ukizitia programu za siku zile zilikoroma kama mtu wa pumu, halafu zikanyamaza. Na hata zingeamka, hazikujua kwamba Kikamba kina i nyingine na u nyingine zenye kofia juu, wala hazikujua hata salamu ya Kiswahili.

Hapo ndipo Kyule alipoingia. Alikuwa amepata msingi wa mfumo endeshi, yaani ile programu ya kwanza kabisa inayoiamsha kompyuta na kuiambia la kufanya. Msingi huo ulitengenezwa na watu wa mbali ambao hakuwahi kuwaona, na walikuwa wameuacha wazi: ufungue, utazame ndani, urekebishe, umpe mwenzako, mradi na yeye asimfungie mwingine. Kyule akauchukua, akawa anaupunguza. Akatoa michezo. Akatoa picha. Akatoa kila kitu ambacho mtafsiri hakihitaji, mpaka ukabaki mwepesi wa kuenea kwenye disketi tatu. Ya kwanza iliiamsha mashine na kukusalimu kwa Kiswahili. Ya pili iliugawa uso wa kompyuta sehemu mbili, maneno ya asili juu, tafsiri yako chini, na herufi zote za Kikamba zipo. Ya tatu ilikuwa kamusi: maneno ambayo kikundi kilikuwa kimebishania mpaka kikakubaliana. Ndunge alikuwa akienda mpaka kwenye kibanda Gikomba kuandika, huku nje watu wakipiga kelele za bei, na kila alipoiona sentensi yake imekaa pale chini ya ile ya daktari, alijihisi kama amepandishwa darasa.

Kitu kimoja tu kilimkera. Kyule aligawa. Mtu akisema nataka, anapewa nakala. Ndunge alimfokea si mara moja. Alimwambia fundi mwenye akili hashoni koti akaligawa pamoja na kipimo chake, na kwamba ataamka siku moja aone mtu mwingine anajiita mwenye kazi. Kyule alicheka tu. Akasema na yeye alipewa.

Sasa turudi kwa zile disketi. Ndunge alisimama nazo katikati ya sebule akafikiria pa kuziweka. Chini ya kitanda kuna panya. Kabatini kuna mafuta ya taa. Katika nyumba yake, kama ilivyo katika nyumba nyingi za mtaa ule, kitu cha heshima kilikuwa na mahali pake: juu ya spika ya redio. Ilikuwa spika kubwa ya mbao, marehemu mumewe aliichongesha kwa mafundi, na juu yake palikaa Biblia, picha ya harusi na saa ya mezani, vyote juu ya kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Alikinyanyua kitambaa, akazilaza disketi tatu chini yake, akakishusha, akakinyoosha pembe. Hata vumbi lisingezipata. Kila asubuhi, redio ikisoma taarifa ya habari, alipapasa kitambaa kuhakikisha bado zipo.

Kyule wakati huo alikuwa ukumbini kutwa na zile kompyuta za sadaka, anazikausha nyaya, anatoa kipande hapa anakipachika pale, mpaka mashine nne zikawa tayari. Alipokuja kula alikaa palepale karibu na spika, asijue ni nini kilicho chini ya kitambaa.

Kisha Mzee Muthama, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, akaleta maneno. Alikuwa mtu wa haki lakini asiyependa kuona kitu kimekaa bure. Alisema ukumbi unatakiwa na darasa la ushonaji. Jumamosi watu wa zahanati wanakuja na kitabu chao cha akina mama, wanataka kitafsiriwe. Kama kufikia Jumamosi mashine zinafanya kazi, ukumbi ni wa watafsiri. Kama bado ni bubu, zipelekwe kwa wauza vyuma, na kitabu kitafute watu wengine. Ndunge alijua hakuna watu wengine.

Jumanne Kyule akaja kuchukua disketi zake. Ndunge akakinyanyua kitambaa kwa fahari.

Kyule akatazama disketi, akatazama spika. Alikuwa fundi wa redio, hakuhitaji kuambiwa. Ndani ya spika kuna sumaku, na disketi huandikwa kwa sumaku. Alizichukua, akaenda nazo ukumbini, na Ndunge akamfuata nyuma na leso yake begani, akihisi jambo bila kulijua. Ya kwanza ilipoingizwa, mashine ilikwaruza, ikakwaruza tena, ikatoa mstari mmoja wa kukataa. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu haikukwaruza hata.

"Ni ile spika, mwaitu," Kyule akasema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Sumaku yake imezifuta."

Ndunge alikaa kwenye benchi. Angefokewa, angejua pa kushika. Lakini Kyule alikuja akakaa karibu naye, akasema kosa ni lake, kwamba fundi wa redio anampa mtu disketi bila kumwambia adui yake ni nani. Hilo ndilo lililomliza Ndunge. Miaka ya kijana wake, maneno yote ya kikundi, na yeye amevizima kwa mapenzi, chini ya kitambaa cheupe.

Alipofuta macho akauliza swali ambalo hakudhani atakuja kuliuliza.

"Ulimgawia nani?"

Kyule akaanza kukumbuka. Disketi zilikuwa adimu, kwa hiyo hakuna aliyepata zote tatu. Kila mmoja alipewa ile aliyoihitaji. Ya kwanza alimpa Shamis. Ya pili Mativo. Ya tatu, ile ya kamusi, aliichukua Javan, dereva wa lori, akampelekea mwalimu mmoja wa Mwingi aitwaye Roseline. Zaidi ya hapo hakumbuki.

"Basi wewe kaa na mashine zako," Ndunge akasema, akijifunga leso kiunoni. "Mimi nitazunguka."

Alianzia Eastleigh. Shamis alikuwa amekaa katikati ya majora ya vitambaa, na kabla ya lolote akamtilia chai ya iliki. Ndunge akamweleza yote, hakuficha. Shamis akasikiliza mpaka mwisho, kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Yaani Mama Kyule, ulizikaribisha sebuleni kama wakwe."

"Nicheke tu, Shamis. Leo nakuruhusu."

"Nikucheke nini, na mimi yangu imekaa kwenye kopo la sukari?"

Wakacheka wote wawili, na Ndunge akasikia kifua kimelegea kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Shamis akaitoa disketi kwenye kopo, akaipangusa, lakini akasema kuna jambo. Mpwa wake Abdiqadir, anayejifunza mambo ya kompyuta, alikuwa ameifungua. Sasa inasalimu kwa Kisomali. Ndunge akashtuka kidogo. Ndilo hasa alilokuwa akimwonya Kyule. Lakini alikuwa amekuja kuomba, na mwombaji hachunguzi mlango. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka.

Kwa Mativo alifika Jumatano. Chama cha wachonga vinyago kilikuwa Gikomba upande wa juu, ambako maji hayakufika, na ua mzima ulinukia mbao mbichi. Wazee walikuwa wamekaa chini kwa safu. Huyu anakata umbo la twiga, anamsukumia mwenzake wa shingo na masikio, naye anamsukumia wa msasa. Mativo alimwongoza hadi chumba cha karani. Disketi ilikuwa ndani ya bahasha, na bahasha ndani ya bati, safi kabisa, haijaguswa na chochote isipokuwa kazi. Mativo alikuwa mtu wa maneno machache na utani mkavu. Alimwambia atampa, lakini kwa sharti moja: asiipitishe sebuleni. Ndunge akajua habari zimemtangulia, akakubali kubeba utani huo mpaka uzee umchukue.

Ikabaki kamusi. Javan alikuwa safarini. Mkewe alisema amepita Mwingi na atarudi Ijumaa, au Jumamosi, barabara ikiruhusu. Madaraja yalikuwa yamebebwa kule. Ndunge akaacha ujumbe, na mwenye duka mwenye simu akajaribu kuipigia shule ya Roseline mpaka laini ikapatikana. Hakuweza kujua kama ujumbe umefika. Alichoweza ni kuomba, akaomba.

Ijumaa mashine zikaamka. Kyule alikuwa ameziweka pamoja disketi ya Shamis na ya Mativo, na Ndunge alikuwapo wakati uso wa ile ya kwanza ulipong'aa. Ilisalimu kwa Kisomali. Halafu Kyule akainama karibu, akasoma mistari ya ndani, akaanza kucheka peke yake. Kulikuwa na hitilafu moja ambayo ilikuwa imemshinda: mtu akiandika muda mrefu, mashine iliganda ghafla na ukurasa wake ukapotea. Abdiqadir alikuwa ameipata, akairekebisha, akaacha maelezo mafupi ya jinsi alivyofanya. Kijana ambaye Kyule hakuwahi kukaa naye hata meza moja.

"Kama ningezificha, mwaitu, ningekuwa bado nahangaika na hii," akasema.

Ndunge alikuwa anamfikiria kijana asiyemjua, amekaa juu ya majora ya vitambaa vya shangazi yake, akihangaikia kazi ya mtoto wake.

Jumamosi ikafika, Javan hajaonekana. Watu wa zahanati walikuja na kitabu chao. Mzee Muthama akakaa mbele, kofia magotini. Kyule akawasha. Mashine zikaamka zote nne, moja kwa Kisomali, tatu kwa salamu ya Kiswahili aliyoirudisha Kyule usiku, na watu wakaguna kwa kuridhika. Kisha muuguzi mkuu akafungua kitabu akauliza maneno magumu ya uzazi yatatoka wapi, maana mara ya mwisho kila mtu alikuwa na lake na akina mama wakachanganyikiwa. Hapo Kyule akamtazama Ndunge. Kamusi haikuwapo. Bila kamusi ilikuwa mashine ya kuandikia tu, na kikundi kilikuwa kimerudi pale kilipoanzia.

Ndunge akasimama. Alieleza kwamba kamusi ilikuwapo, na kwamba ni yeye aliyeiharibu, na kwamba iko njiani, akiomba wangoje. Mzee Muthama akatazama saa yake. Akasema watangoja kikombe kimoja cha chai.

Ikanywewa polepole kuliko chai yoyote iliyowahi kunywewa Makadara. Shamis alikitafuna kipande cha mandazi mpaka Mativo akamwuliza kama ni cha mbao. Muuguzi mkuu alikuwa ameshafunga kitabu na kukirudisha kwenye mkoba pale lori lilipopiga honi nje.

Javan aliingia na matope mpaka magotini. Alikuwa amelala mtoni akisubiri maji yapungue, na disketi ameivaa ndani ya shati, imefungwa kwa karatasi ya nailoni. Alimkabidhi Ndunge, si Kyule.

"Mwalimu amesema nikupe wewe mkononi. Amesema asante kwa kumwachia atumie."

Ndunge akaiingiza mwenyewe. Kamusi ikafunguka. Ilikuwa ndefu kuliko alivyoiacha. Kule Mwingi, Roseline alikuwa ameketi na wakunga wa vijijini, akawauliza wanasemaje hiki, wanasemaje kile, akayaongeza yote. Ndunge akawa anashuka nayo polepole, na katikati ya maneno akakutana na lile ambalo mama yake alikuwa akilitumia kwa zile siku za kwanza ambazo mzazi hatoki nje na watu humpikia uji. Mjini alikuwa amelipoteza. Kwa miaka yote hii alikuwa akilieleza kwa maneno mengi kwenye benchi la zahanati, kumbe neno lipo, moja tu, limekaa likimngoja kwa wakunga. Alilitamka kwa sauti. Mativo akaitikia kutoka nyuma, kwa sababu na mama yake alilitumia.

Muuguzi mkuu akakitoa kitabu tena.

Mzee Muthama alisimama, akasema ukumbi ni wao, na yeye si mtu wa kugeuza neno. Lakini kwa kuwa ameona hatari iliyopita, angependa disketi zote tatu zikabidhiwe kamati, zifungiwe kwenye sanduku la chuma pamoja na vyombo vya Meza ya Bwana, na ufunguo akae nao yeye. Alisema kwa nia njema kabisa. Hata Kyule alionekana anayumba, baada ya wiki ile.

"Asante, mzee," Ndunge akasema. "Lakini mimi nilizitunza peke yangu, na unaona yaliyotokea. Zimerudishwa na watu. Naomba zirudi kwa watu."

Mzee Muthama akavuta ndevu. Akauliza kama mtu wa kanisa lao kule Kangundo, anayetafsiri masomo ya Jumapili, naye anaweza kupata. Ndunge akasema anaweza kupata hata sasa.

Basi wakaanza kunakili. Shamis alikuwa amekuja na disketi tupu, zawadi ya duka la jirani yake. Kyule alimwonyesha Ndunge mara moja tu jinsi ya kufanya, na tangu hapo Ndunge hakumwachia mtu kiti. Anaingiza, anangoja ile sauti ya kukwaruza, anatoa, anaandika juu kwa kalamu ya wino, anamkabidhi mtu na kumshika mkono. Javan akapata zake za kupeleka Kitui na zingine za Busia. Mativo akapata zile mbili alizokuwa hana. Moja Ndunge akaitenga kwa ajili ya Abdiqadir, akamwomba Shamis amwambie kuna mama yake mwingine Makadara angetaka kumwona, aje ale.

Kisha wakaketi kwa kitabu, Ndunge na Mativo kwenye mashine moja, Shamis kwenye ile inayosalimu kwa lugha yake. Walikuwa wamefika ukurasa wa kumwogesha mtoto stima ilipopotea. Ukumbi mzima ukawa giza la mawingu, na nyuso zote nne za kompyuta zikazimika pamoja. Kyule akaruka kutoka kwenye kiti.

Ndunge alikuwa anawatazama watu: mkoba wa Javan, bahasha ya Mativo, mfuko wa koti la Mzee Muthama uliotokeza pembe ya disketi.

"Keti, mwanangu," akasema. "Itarudi."

Akasogeza thamosi karibu, akatafuta vikombe kwa kupapasa, akammiminia Kyule kwanza.